Yuniti si Gramu: Somo la Kusoma Vipimo vya Dawa na Vitamini



Ingia katika duka la dawa za mifugo pale Nkubu, Runyenjes au Siakago, uombe chupa ya penisilini na streptomaisini, ile ambayo wengi wetu huijua kwa maradhi ya kiwele na ya mapafu. Igeuze, usome kibandiko chake. Katika aina moja ya chupa hizo utakuta imeandikwa kwamba kila mililita 1 ina penisilini ya prokeini IU 200,000, na dihidrostreptomaisini miligramu 200. Dawa mbili, chupa moja, lakini vipimo ni viwili mbalimbali. Ya kwanza imepimwa kwa IU, na ya pili imepimwa kwa miligramu.

Je, 200,000 ni nyingi kuliko 200? Na mwenye duka akikupa chupa nyingine ya penisilini iliyoandikwa miligramu tu, utajuaje ni kiasi gani cha kutia katika sindano?

Somo la mwezi huu lajibu maswali hayo. Hesabu yake ni ya kuzidisha na kugawanya tu, na mtoto wako aliye shuleni aweza kukusaidia. Lakini makosa yake ni ghali: ng'ombe asiyepona, maziwa yaliyokataliwa, na wakati mwingine uhai wa mtu. Mkulima wa skimu, awe Timau upande wa Meru au kwenye tambarare za Mwea upande wa Mbeere, mara nyingi hukaa mbali na daktari, na dawa huziweka nyumbani kwake. Kwa hiyo yeye hasa yampasa kujua kusoma kibandiko.

IU NI KITU GANI?

Herufi IU maana yake ni yuniti ya kimataifa. Yuniti hii si uzito. Ni kipimo cha nguvu, yaani kipimo cha kazi ambayo dawa au vitamini yaweza kuifanya mwilini.

Watu wa Meru na Embu hawapaswi kuona ajabu hapa. Jaza debe moja mahindi, na debe la pili mkaa. Yote mawili ni debe, lakini yaweke juu ya mizani uone: uzito wake haulingani hata kidogo. Tena nenda kule Igembe. Mwenye miraa akitaja "kilo", hasemi kilo ya mizani. Yeye anahesabu vibunda vyake, na kila mnunuzi wa pale anamwelewa. Mgeni akitaka kuugeuza mkataba huo kuwa kilo za posta, atapotea. IU ni vivyo hivyo: ina maana kamili kwa dawa moja, lakini huwezi kuichukua maana hiyo na kuipeleka kwa dawa nyingine.

KIPIMO HIKI KILITOKA WAPI?

Katika miaka ya 1921 na 1922, huko Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na wenzake walitoa insulini katika kongosho za wanyama, wakawatibu watu wenye ugonjwa wa sukari. Lakini insulini ya siku zile haikuwa safi. Gramu moja iliyotengenezwa leo yaweza kuwa na nguvu, na gramu moja ya juma lijalo ikawa dhaifu. Mizani haikuwafaa kitu. Basi wakapima kwa kazi: walimdunga sungura dawa hiyo na kuangalia sukari ya damu yake inashuka kiasi gani.

Mwaka 1925 Ushirika wa Mataifa, uliotangulia Umoja wa Mataifa, ulikuwa umeweka insulini ya mfano ambayo nchi zote zilipimia ya kwao. Miligramu 1 ya mfano ule ilikuwa na yuniti 8. Insulini safi ya leo ina yuniti karibu 29 katika miligramu 1 hiyo hiyo. Ona basi: uchafu umeondolewa, uzito wa yuniti moja umepungua, lakini kazi ya yuniti ni ile ile. Hii ndiyo faida ya kupima kwa nguvu.

Vitamini A na D ziliwekewa vipimo vya namna hiyo katika mkutano uliofanywa London mwaka 1931, na penisilini ikafuata mwaka 1944. Tangu mwaka 1948 kazi ya kutunza vipimo hivi imekuwa chini ya Shirika la Afya Duniani. Sasa wataalamu wanaweza kuzisafisha nyingi za dawa hizi na kuzipima kwa mizani, ndiyo sababu kibandiko kimoja huandika IU na kingine huandika miligramu. Mkulima amebaki katikati, naye hana budi kujua njia zote mbili.

NGAZI YA UZITO

Kabla ya kugeuza IU, shika ngazi hii vizuri. Wazee wetu walipima kwa ratili na wakia, lakini dawa za leo zote hupimwa hivi:

Gramu 1 ni miligramu 1,000.
Miligramu 1 ni mikrogramu 1,000.
Kwa hiyo gramu 1 ni mikrogramu 1,000,000.

Miligramu huandikwa mg. Mikrogramu huandikwa mcg, au kwa alama µg. Tazama sana herufi hizi. Mtu akisoma mcg akadhani ni mg, amezidisha dawa mara 1,000. Ni kama mtu aliyeagizwa kilo 1 ya mbolea akaleta tani nzima.

Ili upate picha, punje moja ya mahindi ina uzito wa karibu miligramu 300. Mikrogramu huwezi kuiona kwa macho.

JEDWALI LA KUGEUZIA

Kila dawa ina bei yake ya kubadilishia, kama vile shilingi yetu ilivyo na bei moja kwa fedha ya Uganda na bei nyingine kwa fedha ya Tanzania. Hizi ndizo utakazozihitaji zaidi:

Vitamini A (retinoli): IU 1 ni mikrogramu 0.3.
Vitamini D: IU 1 ni mikrogramu 0.025. Ni rahisi kukumbuka hivi: IU 40 ni mikrogramu 1.
Vitamini E ya kiwandani (aina ya asetati): IU 1 ni miligramu 1.
Vitamini E ya asili (tokoferoli): IU 1 ni miligramu 0.67.
Penisilini ya sodiamu, ule unga wa kuchanganywa na maji: IU 1 ni mikrogramu 0.6. Kwa hiyo IU 1,000,000, ambazo watu huziita "mega moja", ni miligramu 600.
Penisilini ya prokeini, ile nyeupe kama maziwa: IU 1,000 ni karibu miligramu 1. Mega moja ni karibu miligramu 1,000, yaani gramu 1.

Kanuni ni moja tu. Ukitoka kwenye IU kwenda kwenye uzito, ZIDISHA idadi ya IU kwa uzito wa yuniti moja. Ukitoka kwenye uzito kwenda kwenye IU, GAWANYA uzito kwa uzito wa yuniti moja.

Labda utauliza, mbona penisilini ina bei mbili? Fikiria mahindi. Ukipima debe la punje zilizopukuchuliwa, halafu ukapima magunzi pamoja na punje zake, mzigo wa pili una uzito zaidi, lakini ugali utakaopatikana ni ule ule kama punje ni zile zile. Prokeini ni kama gunzi lililoshikamana na penisilini. Inaongeza uzito, na inafanya dawa ikawie mwilini, lakini haiongezi nguvu ya penisilini. Ndiyo maana kusoma neno "penisilini" peke yake hakutoshi. Soma pia jina linaloifuata.

HESABU YA KWANZA: KIDONGE CHA MTOTO

Katika zahanati watoto wetu hupewa matone ya vitamini A yaliyo ndani ya kidonge laini. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa IU 100,000 mara moja. Mtoto wa mwaka 1 hadi kabla hajatimiza miaka 5 hupewa IU 200,000 kila baada ya miezi 6. Mama akiisikia hesabu hiyo ya laki mbili aweza kushtuka. Tugeuze:

200,000 × 0.3 = mikrogramu 60,000.
60,000 ÷ 1,000 = miligramu 60.

Basi ile laki mbili ni miligramu 60 tu, kama sehemu moja ya tano ya uzito wa punje ya mahindi. Mwili wa mtoto huiweka akiba katika ini na kuitumia kidogo kidogo kwa miezi hiyo 6, kwa macho yake na kwa kupigana na maradhi.

Lakini jihadhari. Kwa kuwa vitamini A hukaa ini, ikizidi hudhuru. Kidonge hiki kikubwa si cha mama mjamzito, maana chaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mama asigawane dawa na mtoto wake, wala asirudie dozi kwa sababu tu zahanati ya pili imetembelea kijiji. Aonyeshe kadi ya mtoto.

HESABU YA PILI: CHUPA YA VITAMINI YA NG'OMBE

Chukua sasa chupa ya sindano ya vitamini A, D na E iuzwayo kwa mifugo. Aina moja ina, katika kila mililita 1, vitamini A IU 300,000, vitamini D IU 100,000, na vitamini E miligramu 50.

Vitamini A: 300,000 × 0.3 = mikrogramu 90,000, yaani miligramu 90.
Vitamini D: 100,000 ÷ 40 = mikrogramu 2,500, yaani miligramu 2.5.

Angalia jambo hili vizuri. Kwa IU, vitamini A ni mara 3 ya vitamini D. Kwa uzito ni mara 36! Mtu angetumia bei ya A kugeuza D angekosea vibaya mno. Kwa hiyo usilinganishe kamwe IU za kitu kimoja na IU za kitu kingine.

Hesabu hii yatuonya pia juu ya jambo la hatari. Mtoto mchanga akiandikiwa vitamini D, kwa kawaida hupewa IU 400 kwa siku. Mililita 1 ya chupa ya ng'ombe ina IU 100,000. Gawanya 100,000 kwa 400: ni dozi ya siku 250 katika mililita moja. Na vitamini A iliyomo katika mililita hiyo moja yazidi kidonge kikubwa cha miezi 6. Basi mtu asithubutu kunywa wala kumpa mtoto vitamini za mifugo, hata akiambiwa kwamba "vitamini ni vitamini tu."

Hata kati ya wanyama, kazi hutofautiana. Majani mabichi, kama vile matete ya malisho, yana karotini, na mwili wa mnyama huigeuza kuwa vitamini A. Katika hesabu za wataalamu wa lishe ya mifugo, miligramu 1 ya karotini humpa kuku IU 1,667 za vitamini A, lakini humpa ng'ombe IU 400 tu. Uzito ni ule ule, kazi ni mbali mbali. Hapo ndipo unapoona wazi kwamba IU ni kipimo cha kazi.

NENO KWA WAFUGAJI WA KUKU

Wako wakulima wanaochanganya chakula cha kuku wao wenyewe. Tuseme unataka chakula chenye vitamini A IU 10,000 katika kila kilo, nawe una gunia la kilo 70.

70 × 10,000 = IU 700,000.
700,000 × 0.3 = mikrogramu 210,000, yaani miligramu 210.

Gunia zima lahitaji vitamini A isiyofikia uzito wa punje moja ya mahindi! Ni nani awezaye kuchanganya kitu kidogo hivyo kwa koleo, kila kuku apate fungu lake? Ndiyo sababu viwanda huchanganya vitamini kwanza na unga mwingine, wakauza mchanganyiko huo katika pakiti. Fuata kipimo cha pakiti, uuchanganye kwanza na debe moja la chakula, kisha debe hilo ulichanganye na gunia lililobaki. Usipofanya hivyo, kuku mmoja atapata nyingi na mwenzake hatapata kitu.

HESABU YA TATU: PENISILINI YA NG'OMBE

Tuseme Daktari wa Mifugo amemtazama ng'ombe wako mwenye uzito wa kilo 400, naye ameandika: penisilini ya prokeini, IU 10,000 kwa kila kilo ya mwili, kila siku kwa siku alizozitaja.

400 × 10,000 = IU 4,000,000.

Dukani umepata chupa iliyoandikwa: penisilini ya prokeini, mg 300 katika kila mililita. Hapana IU. Ufanyeje?

Tumia bei ya prokeini: IU 1,000 ni miligramu 1.
4,000,000 ÷ 1,000 = miligramu 4,000.
4,000 ÷ 300 = mililita 13.3.

Sasa tazama mtu aliyekosea. Aliwahi kusikia kwamba mega moja ni miligramu 600, wala hakujua kwamba bei hiyo ni ya penisilini ya sodiamu. Akafanya hivi:

Mega 4 × 600 = miligramu 2,400.
2,400 ÷ 300 = mililita 8.

Ng'ombe wake amepata mililita 8 badala ya 13.3, yaani sehemu 60 tu katika 100. Siku ya kwanza joto litashuka kidogo, naye mwenye ng'ombe atafurahi. Lakini vijidudu vyenye nguvu havikufa. Vitabaki, vitazaana, na siku nyingine dawa hiyo hiyo haitavishinda. Hili ndilo tuliitalo usugu wa dawa, na usugu haukai katika zizi moja. Huhamia kwa jirani, na huhamia kwa watu.

Kosa la pili lililo la kawaida ni kukariri mililita. Mkulima husema, "Ng'ombe wangu ni wa mililita 20." Lakini mililita ni kipimo cha chupa, si kipimo cha dawa. Mililita 20 za chupa yenye IU 200,000 zina IU 4,000,000. Mililita 20 za chupa yenye IU 300,000 zina IU 6,000,000. Ukibadili chupa, fanya hesabu upya. Na ukitaka kubadili aina ya dawa yenyewe, kama vile kutoka penisilini na streptomaisini kwenda penisilini peke yake, hilo si jambo la hesabu. Ni jambo la daktari.

HESABU YA NNE: MAZIWA YA USHIRIKA

Hapa ndipo hesabu hii inapogusa mfuko wa kila mwanachama. Kanuni za chakula za kimataifa zinazoitwa Codex zimeweka kwamba maziwa yasiwe na penisilini zaidi ya mikrogramu 4 katika lita 1. Tugeuze: 4 ÷ 0.6 ni IU 6.7 hivi.

Mkebe wako wa maziwa ni wa lita 50. Basi kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa katika mkebe mzima ni:

50 × 4 = mikrogramu 200.
200 ÷ 0.6 = karibu IU 333.

Mega moja ina IU 1,000,000. Sehemu moja katika 3,000 ya mega yatosha kuufikisha mkebe huo mpaka wa kukataliwa. Na mega moja nzima, yaani mikrogramu 600,000, ikigawanywa kwa 4, yatosha kufikisha lita 150,000 mpaka huo huo.

Ni kweli kwamba dawa iliyodungwa katika nyama ya shingo haiendi yote katika maziwa. Lakini mrija wa dawa uliosukumwa ndani ya chuchu umeingia mle mle yanamotoka maziwa. Ndiyo maana kibandiko huandika siku za kungoja kabla ya kuuza maziwa, na tena siku za kungoja kabla ya kuchinja. Siku hizo si za bure. Mkulima mmoja akileta mkebe wake mapema, akauchanganya katika tangi na maziwa ya wenzake, tangi lote laweza kukataliwa. Penisilini huua pia vile vijidudu vizuri vinavyogandisha mala na mtindi, ikawa kazi ya kiwanda imeharibika. Tena wako watu ambao miili yao haipatani na penisilini kabisa.

Mtie alama ng'ombe aliyedungwa, kwa mfano kamba nyekundu mguuni. Andika tarehe katika daftari. Mkamue mwisho, na maziwa yake usiyachanganye. Ukiwa na kijana wa kukamua, mwonyeshe kamba hiyo na umweleze sababu.

INSULINI: HAPA USIGEUZE

Katika nyumba nyingi leo yuko mzee, au hata kijana, mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia insulini. Insulini pia hupimwa kwa yuniti, lakini kanuni yake ni tofauti: nyumbani usiigeuze kamwe kuwa miligramu. Daktari huandika yuniti, chupa imeandikwa yuniti, na sindano yake imechorwa yuniti. Fuata yuniti tangu mwanzo hadi mwisho.

Chupa zilizo nyingi zina yuniti 100 katika kila mililita. Basi yuniti 10 ni sehemu moja ya kumi ya mililita, yaani mililita 0.1. Mtu akikosa sindano ya insulini, akachukua sindano ya kawaida na kuvuta mililita 1 akidhani kwamba hiyo ndiyo "10", amevuta yuniti 100. Ni mara kumi. Mgonjwa atatoka jasho, atatetemeka, atapoteza fahamu, na aweza kufa kabla ya gari kupatikana.

Ziko pia sindano zilizotengenezwa kwa insulini ya yuniti 40 katika mililita. Sindano ya 40 haifai kwa chupa ya 100. Soma namba iliyo juu ya chupa na namba iliyo juu ya sindano, lazima zilingane. Na unapomwandikia mtu kipimo, andika neno "yuniti" kwa ukamilifu. Ukiandika 10 na herufi U karibu yake, mwingine ataisoma U kama sifuri, ipate kuwa 100.

MAMBO SITA YA KUKUMBUKA

1. IU ni nguvu, gramu ni uzito. Kila dawa ina bei yake ya kubadilishia.
2. Soma jina lote la dawa, si neno la kwanza tu.
3. Tofautisha mg na mcg. Kati yake ni mara 1,000.
4. Usikariri mililita. Tazama kila mililita ina nguvu gani.
5. Dawa ya mifugo si ya watu.
6. Hesabu ni ya kuhakikisha, si ya kujifanya daktari. Kipimo hutoka kwa Daktari wa Mifugo au kwa mganga wa hospitali. Hesabu yako ikitofautiana na maagizo, simama kwanza, urudi kuuliza. Kuuliza si aibu.

JIPIME MWENYEWE

Fanya hesabu hizi pamoja na watu wa nyumbani, ufunike majibu.

1. Mtoto wa miezi 8 amepewa vitamini A IU 100,000. Ni miligramu ngapi?
2. Kibandiko chasema vitamini D mcg 20. Ni IU ngapi?
3. Chupa ya unga wa penisilini ya sodiamu ina mega 5. Ni gramu ngapi?
4. Penisilini ya prokeini ina mg 300 katika mililita 1. Mililita 10 zina IU ngapi?
5. Mgonjwa ameandikiwa insulini yuniti 20, na chupa ni ya yuniti 100 katika mililita. Je, ni sehemu gani ya mililita?

Majibu: (1) Miligramu 30. (2) IU 800. (3) Gramu 3. (4) IU 3,000,000. (5) Mililita 0.2, lakini uipime kwa sindano ya insulini, kwenye alama ya 20.

Ukipata yote matano, umefuzu. Ukikosa moja, rudi kwenye jedwali usome tena polepole. Kisha ukate ukurasa huu, uubandike ndani ya mlango wa kabati la dawa, mahali ambapo watoto wadogo hawafiki. Siku ng'ombe atakapougua usiku, taa ni ndogo na moyo una wasiwasi, hutakuwa na haja ya kubahatisha. Utasoma, utahesabu, na utampigia daktari simu ukijua la kumwambia.